Kware wanajigonga vichwa kizimbani: tuwawekee mchanga, majani au vijiti?

SWALI: Nafuga kware 120 hapa Tanga kwenye kizimba cha waya cha ghorofa tatu. Kila ghorofa ina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 35, na ndani yake mna kware 40, madume wakiwa 11 au 12. Wakishtuka wanaruka na kugonga waya wa juu, na wengine wamebanduka ngozi ya kichwa. Majike wamenyonyoka shingoni na mgongoni. Chakula nacho kinamwagwa sana. Jirani kaniambia niwawekee mchanga, majani na vijiti vya kudandia ili wachangamke. Je, vitu hivyo vinasaidia kweli au ni mapambo? Na mayai hayatachafuka?

JIBU: Vinasaidia, ila si vyote. Vijiti achana navyo. Kuku hupanda juu kulala, lakini kware hulala chini penye nyasi, na kijiti katika kizimba cha sentimita 35 kitakuwa kitu kingine cha kujigongea. Mchanga na majani, ndiyo. Hata hivyo kuna kazi mbili zinazotangulia, yaani kupunguza ndege na kushughulikia dari, na ukizikwepa mchanga utageuka uwanja mpya wa ugomvi.

Tuanze na hesabu. Ghorofa moja ina sentimita za mraba 7,200. Ukigawa kwa 40, kila ndege anapata 180. Wafugaji wengi wa biashara wako hapo hapo, kati ya 150 na 200, na kware hutaga vizuri tu katika nafasi hiyo, ndiyo maana watu huona inatosha. Kutaga hakuonyeshi kwamba ndege yuko salama, kwa sababu kware aliyenyonyoka nusu mwili bado hutaga. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2010 kuhusu wanyama wa maabara inamhesabia kila kware wa hadi gramu 150 anayeongezwa kwenye kundi sentimita za mraba 1,000. Hatusemi ufike huko. Shuka hadi ndege 24 kwa ghorofa, kila mmoja apate 300, ndipo utakapokuwa na mahali pa kuweka trei na maficho bila kumbana mtu.

Wa kupunguza ni madume kwanza. Kama unauza mayai ya kula, huhitaji dume hata mmoja, kwani jike hutaga bila yeye na yai lisilo na mbegu hukaa muda mrefu zaidi. Kama unatotolesha, tenga ghorofa moja tu ya uzazi yenye madume 5 na majike 19, yaani dume mmoja kwa majike wanne hivi. Uwiano wako wa sasa, dume mmoja kwa majike wawili na nusu, ndio unaonyonyoa shingo, maana dume anapopanda hushika kwa mdomo manyoya ya kisogo au shingo, na makucha yake husugua mgongo. Zitofautishe alama. Kisogo na mgongo vikiwa vitupu lakini ngozi ni safi, hayo ni madume. Ukiona vidonda vya damu karibu na mkia, kwenye matako au vidoleni, hapo wanadonoana, na sababu yake iko kwingine.

Dume utamjua kwa kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa, na jike kwa kifua cheupe kidogo chenye madoa meusi. Tofauti hiyo huonekana kuanzia wiki ya tatu au ya nne kwa kware wa rangi ya kawaida. Kwa weupe au wenye rangi moja, bonyeza taratibu juu ya tundu la nyuma: dume aliyekomaa hutoa povu jeupe. Madume unaowatoa wakae mbali na majike, wasiwaone, katika mwanga hafifu, kisha wauzwe kwa nyama mapema. Kundi la madume linaloona majike ng'ambo ya waya hupigana hadi kutoboana macho.

Kabla hatujatoka kwenye kudonoana, angalia chakula. Chakula cha kuku wa mayai cha dukani huwa na protini ya asilimia 16 au 17, na kware anayetaga anataka takriban 20. Upungufu huo humfanya atafute protini kwenye manyoya ya mwenzake, na hakuna trei ya mchanga itakayomzuia. Mchanganyiko rahisi ni kilo 90 za chakula cha kuku wa mayai, kilo 6 za mashudu ya soya na kilo 5 za dagaa waliosagwa. Dagaa wawe hawakutiwa chumvi. Ukizidisha dagaa kupita hapo, mayai yataanza kunuka samaki.

Sasa dari, ambayo ndiyo inayoua.

Kware wanaofugwa kwetu ni wa Kijapani, Coturnix japonica. Amefugwa karne nyingi, lakini silika yake ya porini haijafutika: anapotishwa hujibanza kimya, na hatari ikikaribia zaidi hufyatuka wima. Porini juu ni anga. Kwenye kizimba cha sentimita 35 anapata nafasi ya kushika kasi halafu anakutana na waya. Kimo hicho ni kibaya kwa namna ya pekee. Sentimita 20 hadi 25 ni fupi mno kwake kushika kasi, na mita mbili kwenda juu zinampa nafasi ya kupunguza mwendo. Katikati ya hapo ndipo vichwa vinapopasuka.

Usimwite fundi wa kuchomelea. Nunua wavu wa kivuli, ule unaotandazwa juu ya vitalu vya miche, na uutundike ndani ya kizimba sentimita 5 hadi 7 chini ya waya wa juu. Usiuvute ukakaza kama ngoma. Ulegee kidogo, katikati ubonyee kama sentimita mbili ukiuminya kwa mkono, kwa sababu ule ulegevu ndio unaomeza kishindo. Funga kila sentimita 15 pembeni pote ili ndege asipenye akanaswa kati ya wavu na waya. Mikia ya waya wa kufungia igeuzie nje. Nyavu za kuvulia samaki hazifai, kwani vichwa na vidole hunasa. Chandarua nacho hunasa makucha na kuchanika ndani ya wiki chache. Wavu wa kivuli hukusanya vumbi na vipande vya manyoya, kwa hiyo upige mswaki mara moja kwa wiki, la sivyo ghorofa ya chini itakuwa giza.

Baada ya hapo tafuta kinachowashtua. Mara nyingi ni paka au panya usiku, taa ya gari inayopita, au taa ya banda inayozimwa ghafla. Hili la taa lina dawa rahisi. Kware anayetaga anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16, na sisi tulio karibu na Ikweta jua linatupa kama 12. Wengi huongeza taa jioni, kisha wanazima swichi saa tatu usiku na ndege wanaachwa gizani wakiwa wamesimama katikati ya kizimba. Ongeza alfajiri. Taa iwake saa 10 alfajiri, izimwe jua likishatoka, na jioni waache wafuate machweo yenyewe. Watakuwa wametulia mahali pao kabla giza halijaingia. Balbu ndogo ya wati 3 hadi 5 inatosha kizimba chako. Mwanga mkali nao huchochea kudonoana. Ukiweza kusoma maandishi ya mfuko wa chakula ukiwa umesimama mbele ya kizimba, mwanga unatosha.

Halafu maficho. Kwa maoni yetu hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote chenye faida kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika kwa sababu mfugaji anataka awaone ndege wake muda wote. Kware asiye na pa kujibanza hana njia nyingine ila kuruka. Kwa kila ghorofa weka maficho mawili au matatu, kila moja lenye kimo cha sentimita 15, upana 20 na urefu 25, lisilo na sakafu. Unaweza kutumia mbao nyembamba, dumu la lita 5 lililokatwa kwa urefu na kulazwa kifudifudi, au boksi la katoni. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba liwe wazi pande zote mbili. Ficho lenye mlango mmoja ni mtego: jike mnyonge hukimbilia humo, anafuatwa, na hana pa kutokea. Dumu lichomwe kingo zake kidogo kwa moto ili zisikate. Katoni hunyonya unyevu haraka kwa hali ya hewa ya pwani, basi itupe kila wiki.

Ukikosa nafasi ya sakafu, tundika pazia. Kata gunia la katani vipande vya upana wa sentimita 5, vitundike kwenye dari katika mstari unaogawa kizimba nusu kwa nusu, ncha zake ziishie sentimita 3 juu ya sakafu. Ndege anapita katikati yake kama anavyopita kwenye majani, na anayefukuzwa akishavuka upande wa pili mara nyingi anasahauliwa. Pinda na kushona kingo. Nyuzi zinazochomoza huzunguka kidole, hukaza, na kidole hufa bila wewe kujua. Viroba vya plastiki vya mchele ni vibaya zaidi kwa hilo. Ukivitumia, pitisha kingo zote kwenye moto wa mshumaa ziyeyuke na kufunga.

Sakafu ya waya tuiseme kwa ufupi. Tundu la nusu inchi linafaa kwa wakubwa. Theluthi moja ya sakafu ifunikwe kwa kitu kigumu, kama kipande cha mpira chenye mikwaruzo au ubao, ndege wapumzishe nyayo. Kisafishe kila siku mbili, kwani kinyesi kikikauka vidoleni hufanya vidonge vigumu kama mawe. Ukivikuta, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Ukivivuta vikavu, ukucha utatoka navyo.

Tufike kwenye mchanga, maana ndio uliouulizia na ndio wenye makosa mengi.

Kuoga mchanga hakufanywi kwa kujifurahisha tu. Ndege hujilaza, hukwangua, hutupia vumbi ndani ya manyoya kisha hujikung'uta. Vumbi hufyonza mafuta yaliyochakaa na kuwapunguza chawa na utitiri. Hamu hiyo haiishi kwa kunyimwa. Kware wa kwenye waya mtupu huoga katika chakula, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile unachokiona kikimwagwa. Simama mbele ya kizimba mchana uangalie: akiegemea chombo cha chakula huku akikwangua na kutikisa bawa, hatafuti punje. Anaoga.

Trei iwe na sentimita 30 kwa 40, kingo za sentimita 10. Humo wataingia wanne au watano kwa pamoja, na wanapenda kuoga kwa pamoja. Trei ndogo inatawaliwa na mmoja. Kina cha mchanga kiwe sentimita 4. Usijaze zaidi, kwa sababu ya uzito: sentimita 4 katika trei hiyo ni karibu lita 5, nazo zina kilo 7 hivi. Sakafu ya waya ikibeba kilo 7 bila msaada hubonyea, mteremko wa mayai unaharibika na mayai yanakusanyika kuizunguka trei badala ya kufika mferejini. Pitisha ubao wa inchi mbili kwa mbili chini ya waya, moja kwa moja chini ya trei, ukishikwa na fremu pande zote mbili.

Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa kwa chekeche la unga na kukaushwa. Ulio karibu nawe zaidi hapo Tanga pengine ni wa baharini. Usiuchukue hivyo hivyo. Kware humeza punje za mchanga kama kokoto za kusagia chakula, na chumvi ile itamkausha na kumharisha. Ukilazimika kuutumia, usuuze kwa maji baridi mara tatu au nne hadi maji yasiwe na ladha ya chumvi, kisha uanike. Mchanga wowote, utoke unakotoka, uanike juu ya bati siku nzima ya jua kali au ukaange kwenye sufuria kuukuu. Usichote mahali kuku wanapochakura. Kinyesi cha kuku hubeba viini vya kuhara damu na vya kideri, na kware anaweza kubeba kideri bila kuonyesha dalili nyingi huku akikiambukiza kwa kuku wako. Kware pia huathirika sana na ugonjwa wa vidonda vya utumbo unaoletwa na bakteria ambao mbegu zake hudumu muda mrefu kwenye kinyesi na udongo. Ukiona kuhara kweupe kama maji na vifo vya ghafla, ondoa trei zote siku hiyo hiyo, mwaga mchanga mbali, na mwite mtaalamu wa mifugo.

Jivu linaongeza nguvu dhidi ya wadudu. Kipimo ni sehemu moja ya jivu kwa sehemu tano za mchanga. Liwe jivu la kuni tupu, si la mbao zenye rangi wala la takataka za plastiki. Lichekeche uondoe makaa. Tatizo la jivu ni maji: likilowa hutoa magadi yanayochoma macho na ngozi ya tumbo. Kwa hiyo trei iwe upande ulio mbali na vinyweo, na mchanga uliolowa utupwe, usikaushwe ukarudishwa. Vumbi la mbao kutoka kiwandani hatulipendekezi. La mvule huwasha njia ya hewa, na lolote likipata unyevu wa pwani huota ukungu unaoshambulia mapafu. Dawa ya unga ya kuua wadudu wa mimea isiingie kwenye trei hata kijiko. Kware wanakula humo.

Sasa swali lako la mayai. Jibu liko kwenye saa. Kuku hutaga asubuhi, lakini kware wa Kijapani hutaga zaidi alasiri kuelekea jioni, wengi kati ya saa 9 na saa 12. Kuoga hukolea kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi mchana. Basi ingiza trei saa 3 au 4 asubuhi, itoe saa 7 mchana. Mchanga utakuwa umetumika, na wakati wa kutaga ukifika sakafu ni tupu, mayai yanateremka kama kawaida. Anayeacha trei siku nzima atakuta jike amefukia yai mchangani, na yai la kware lina madoa yanayofanana na mchanga kiasi kwamba utaligusa kwa vidole kabla hujaliona. Mayai machache yatatagwa kwenye maficho hata ufanye nini. Yakusanye saa 12 jioni na tena asubuhi. Yakichafuka yafute kwa kitambaa kikavu, usiyaoshe kama unayatunza.

Kila jioni chekecha kinyesi kilichomo, na badilisha mchanga wote mara moja kwa wiki. Kila ghorofa iwe na trei yake, yenye alama, isihamie nyingine. Mchanga utarushwa nje, hilo halizuiliki. Hakikisha kila ghorofa ina trei ya kinyesi inayofunika eneo lote chini yake, la sivyo ndege wa chini watanyeshewa mchanga machoni na kwenye maji. Na kama kinyesi chako kinaingia kwenye mtambo wa bayogesi, acha kwanza. Mchanga hutuama chini ya mtambo na baada ya muda unaujaza. Shambani hauna shida.

Siku mbili tatu za kwanza wataoga kama wenye wazimu, wakikanyagana na kusukumana. Ni kiu ya siku nyingi. Mfugaji akiona hivyo hudhani mchanga umeleta vita na anautoa. Wape ndege wiki moja.

Majani na punje ni kazi nyepesi. Fungu la mchicha au sukuma wiki, gramu 100 hivi kwa ndege 24, lifunge kwa klipu ya nguo kwenye waya, kimo cha sentimita 12, wanyooshe shingo kidogo kulifikia. Lioshe kwanza, kwani mchicha wa sokoni hupuliziwa dawa. Litoe likinyauka. Kisamvu kibichi usiwape kwa sababu ya sumu yake, wala parachichi, tunda na majani yake. Ulezi au uwele, gramu 25 tu kwa ghorofa kwa siku, unyunyizie kwenye ubao wa sakafu au juu ya mchanga wautafute kwa kukwangua. Ukinyunyizia juu ya waya unawalisha panya. Usizidishe kipimo hicho. Ndege 24 hula karibu gramu 500 hadi 600 za chakula kwa siku, na punje zikizidi zinapunguza protini uliyoitafuta kwa dagaa. Funza wa inzi weusi, watatu au wanne kwa kila ndege, wanawashughulisha kuliko vyote. Utapenda kuwaangalia. Nyuzi, vioo na sidii zinazoning'inia tumeziona zikishauriwa. Nyuzi zinaweza kumezwa zikaziba gole, na kinachometameta ghafla kinawatisha kware zaidi ya kinavyowafurahisha.

Usiingize haya yote siku moja. Kware huogopa kitu kigeni hata kiwe na manufaa. Wiki ya kwanza funga wavu wa dari na kupunguza ndege, kazi ifanyike usiku kwa taa hafifu. Wiki ya pili maficho, yaingizwe machweo. Wiki ya tatu trei, ukiwa umeiweka nje mbele ya kizimba siku nzima kabla ili waizoee kwa macho. Wiki ya nne majani na punje. Vifaranga wa kundi lijalo watakuwa rahisi zaidi, kwa sababu anayekulia kati ya vitu haviogopi. Kuanzia siku ya saba wape mfuniko wa ndoo wenye mchanga kidogo. Si mapema zaidi, maana siku za mwanzo hula mchanga wakidhani ni chakula.

Fanya jaribio ukiweza. Ghorofa zote tatu zipate wavu na zipunguzwe ndege, kwani hayo hayana sababu ya kusubiri, lakini ghorofa moja isipate mchanga na majani kwa wiki tatu. Chakula kiwe kile kile. Kila siku andika mayai yaliyopatikana, yaliyovunjika, chakula kilichookotwa kwenye trei ya kinyesi (kipime kwa mizani), vifo na vidonda vipya vya kichwa. Mara moja kwa wiki tembea kwa mwendo wa kawaida hadi mbele ya kizimba, weka kiganja juu ya waya, na uhesabu wangapi wameruka. Kikishuka chakula kinachomwagwa na idadi ya wanaoruka, endelea. Mayai usitegemee yaongezeke sana. Faida yako itaonekana kwenye vifo, chakula na urefu wa maisha ya jike.

Ukitotolesha, hesabu ya wanaoruka ina kazi nyingine. Woga kwa kware hurithiwa kwa sehemu. Huko Nouzilly, Ufaransa, watafiti walizalisha koo mbili za kware kwa kuchagua wanaoganda muda mrefu na wanaoganda muda mfupi wanapolazwa chali, na tofauti ilikuzwa kizazi baada ya kizazi. Usichague wazazi kwa wingi wa mayai peke yake. Yule anayefyatuka kila ukipita, mayai yake yapeleke sokoni.

Hao waliobanduka vichwa wanapona wakishughulikiwa mapema. Watenge kwenye boksi lenye matundu, mahali wanaposikia wenzao. Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika, kisha paka ayodini iliyochanganywa na maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi. Rudia mara moja kwa siku kwa siku tano. Mafuta ya taa na oili chafu, ambayo watu hupaka, huunguza ngozi. Ngozi huziba kwa wiki mbili hadi tatu. Usimrudishe kabla haijaziba, kwa sababu rangi nyekundu huwaita wenzake kuidonoa. Na ukimrudisha, mrudishe usiku, awe na mwenzake mmoja uliyekuwa umemtenga naye angalau siku mbili. Akiingia peke yake mchana, watampokea kama mgeni.